Madoa kwenye Mikono ya Mama Pacha

2 Machi

Wifi yangu Mama Pacha,

Salamu nitaziweka mwisho leo, maana nikianza nazo nitaishiwa ujasiri.

Juzi alikuja mteja kupimiwa mapazia. Mama wa maneno mengi, na unajua masikio yangu niliyaacha kule kiwandani kwenye mashine za kufuma. Mtu wa maneno mengi namsoma midomo tu, na nusu inanipita. Lakini hili halikunipita. Alisema mdogo wake anajifunza kuogelea huko kwenu, kwenye bwawa la manispaa, darasa la wanawake la Jumanne. Akasema mwalimu wao ni mtu mzuri, mchangamfu, ila maskini mumewe anampiga. Wanamwona kwenye chumba cha kubadilishia nguo: mikono, mapaja, mpaka mgongoni damu imevia, madoa mengine meusi, mengine yameanza kugeuka manjano. "Na huyo mume," akasema, "ni muoka mikate, jitu la miraba minne."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikakaa chini, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Wifi, hilo jitu la miraba minne nimelibeba mgongoni mimi. Ni mtoto aliyekuwa akijikwaa kwenye kiti anakiomba radhi kiti. Siamini. Lakini nimekaa duniani vya kutosha kujua kwamba wanaume wanaopiga wake zao nao wana dada zao, na dada zao nao hawaamini. Kwa hiyo sitakuambia haiwezekani. Nakuuliza tu: ni kweli?

Kama ni kweli, chumba cha nyuma nimeshakifagia na kitanda kina shuka mpya. Njoo na mkoba mmoja. Vitu vingine nitavifuata mwenyewe, na nikifika hapo huyo mdogo wangu nitamtolea uvivu mbele ya wateja wake. Udugu nitauweka kando, nitarudi kuuokota baadaye.

Nijibu kwa barua kama kawaida yetu. Simu sisikii, na meseji kwa jambo kama hili sitaki. Ukishindwa kuandika, tuma bahasha tupu. Nitaelewa, nitapanda basi.

Salamu sasa. Nakupenda.

Dada Mkubwa


9 Machi

Wifi yangu Dada Mkubwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni. Nilicheka mpaka nikashikilia sinki, kisha nikaisoma tena nikalia. Kwanza nikutoe wasiwasi: mdogo wako hajawahi kunipiga hata kwa mto. Jana tu alimtoa buibui nje kwa kikombe, akafunga mlango polepole asije akambana mguu.

Madoa ni ya dawa. Na hapo inabidi nikuambie nilichokuficha.

Unakumbuka nilikuandikia Desemba kwamba hatutaweza kuja kwa sababu ya kikohozi? Hakikuwa kikohozi. Nilikuwa napanda ngazi za bwawa, kifua kikanibana kama mtu kanikalia, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Hospitali wakasema mshipa mmoja unaolisha moyo umeziba, umebaki upenyo wa uzi. Wakapitisha waya mwembamba kwenye kifundo cha mkono, wakausukuma hadi moyoni mimi nikiwa macho naangalia dari, wakautanua mshipa na kuacha ndani yake stenti. Ni kitu kidogo cha wavu wa chuma, kinashikilia mshipa usijifunge tena. Baba Pacha anakiita kispringi. "Kispringi kimeamkaje leo?" ndiyo salamu yake ya asubuhi.

Sasa kispringi kina masharti yake. Nameza vidonge viwili vya kuzuia damu isigande juu yake, na damu isiyoganda ndiyo inayoniletea haya madoa. Nikigusa kona ya meza, doa. Mtoto akinishika mkono kwa nguvu majini, doa. Hayaumi hata kidogo.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu nakujua. Mama mkwe alipougua uliwafukuza wachumba wote ukakaa miaka kumuuguza. Sasa nasikia kuna huyu fundi majokofu anayekuja kwako kila mara. Nikajua ukisikia habari ya moyo wangu utamwacha mwanamume mlangoni na kisanduku chake cha spana, uje huku kunikanda miguu. Na hapa mtaani hatukumwambia mtu. Nani atamwachia mwanawe majini na mwalimu mwenye moyo wa kubandikabandika? Nilimwapisha Baba Pacha, na pacha wenyewe kule makazini kwao niliwaapisha kwa simu.

Lakini Wifi, kumbe. Sasa ndiyo naelewa mambo ya wanawake wangu wa Jumanne. Mmoja aliniletea marhamu bila kusema ya nini. Mwanasheria aliniwekea kadi yake ndani ya kiatu. Mke wa kinyozi alinishika mkono akaninong'oneza kwamba kwake kuna chumba, muda wowote. Mimi nikadhani anatafuta mpangaji, nikamwuliza kodi.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Baba Pacha kwamba watu wanasema hivyo. Hajui. Akijua atakufa kwa aibu, na mwenye ugonjwa wa moyo nyumba hii anatosha mmoja.

Wifi yako,
Mama Pacha


16 Machi

Mama Pacha,

Nilisoma barua yako nikashusha pumzi ndefu mpaka paka akakimbia. Kisha nikakasirika. Miezi mitatu una chuma moyoni, na mimi nakutumia mifano ya vitambaa.

Sitakugombeza sana kwa sababu nami nilikuwa na langu la kukuambia, na sikutaka kulitia kwenye barua ile ya kwanza. Naolewa. Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Ndiyo, na huyo fundi majokofu. Wewe ulikuwa unabahatisha, sasa ni rasmi. Jokofu langu alilitengeneza mara moja tu. Mara nyingine zote alikuja kusikiliza kama bado linanguruma vizuri.

Nisikilize alivyonichumbia. Tulikuwa kwenye foleni benki. Barafu, ndivyo tunavyomwita, ana sauti ya chini kama anaongea na mtoto aliyelala. Akasema kitu. Nikasema, "Nini?" Akasema tena. Nikasema, "Geuka nikuone mdomo." Akageuka, na mlinzi akapita katikati yetu. Basi mwenzangu akavuta pumzi akapaza sauti kama anaita meli, na mashine ya kuhesabia noti ikanyamaza wakati huohuo. Mimi bado sikushika vizuri, na foleni nzima ikanigeukia. Bibi mmoja aliyekuwa mbele akanishika bega, akaniambia usoni, neno mojamoja: "Anasema anataka kukuoa." Nikamjibu bibi, "Mwambie sawa."

Kwa hiyo jiandae. Wewe ndiye utakayenivalisha.

Na hao wanawake wako, waambie ukweli. Hawatakung'ata. Dawa unameza lakini? Nijibu hilo kwanza kabla ya mambo ya nguo.

Dada Mkubwa


25 Machi

Wifi yangu, bibi harusi,

Nimemsomea Baba Pacha habari za benki, akacheka mpaka unga ukapaa. Amesema keki ni yake, mtu mwingine asiguse.

Nguo nakushauri ile ya rangi ya krimu, mikono mirefu. Usiweke maua mabegani, una mabega mazuri, yaache yaongee.

Mimi sijambo. Yale madoa usiwe na shaka nayo tena, yameisha. Nimeyapatia dawa. Jumanne nilivaa vazi la kuogelea la mikono wazi, nikapita mbele ya wanawake wangu taratibu, nikageuka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke wa kinyozi aliniangalia, akamwangalia mwanasheria. Nikasema moyoni, angalieni vizuri.

Kuhusu kuwaambia, bado. Hakuna haja tena. Mambo yametulia yenyewe.

Viatu vyako ni namba ngapi siku hizi?

Mama Pacha


3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi si mwandishi kama mama watoto, utanisamehe. Kwanza nikuambie, yuko hai na anaongea. Anaongea sana. Soma mengine ukiwa umekaa.

Jumanne alianguka kando ya bwawa, darasa likiendelea. Kifua kilekile. Wanawake wa darasa walimbeba wakampeleka hospitali kwa gari la mmoja wao, na alipata nguvu ya kuwaambia, "Nina stenti moyoni, waambieni." Daktari anasema neno hilo liliokoa muda mwingi. Nilipofika mimi kulikuwa na watu mlangoni, nikachelewa kidogo kuingia.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya kispringi, ikakiziba kabisa. Wamepita tena mkononi, wakaifyonza. Halafu wakaingiza kikamera kidogo, sijui kinaingiaje huko, wakaona upande mmoja wa stenti ulikuwa haujakaza vizuri kwenye ukuta wa mshipa. Hilo hakuna aliyeweza kulijua mapema. Wakaweka puto, wakalijaza, ikakaza. Daktari anasema peke yake hilo pengine lisingeleta balaa. Kilicholeta balaa ni kwamba alikuwa ameacha kidonge kimoja.

Dada, alikiacha makusudi. Amesema mwenyewe mbele yangu, daktari alipomwuliza sababu. Alisema, "Watu walikuwa wanasema mume wangu ananipiga. Nikaona bora niache madoa yaishe." Daktari akaweka kalamu chini.

Lakini kuna jambo hajui, na sijui nilisemeje, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mimi hayo maneno niliyajua tangu Januari. Mama aliyekuwa akinunua mikate ya Jumamosi alianza kupita ng'ambo ya barabara. Mwenye duka la kona alikataa mikate yangu, akasema watu wake hawaitaki. Muuza magazeti, ambaye tumeamkiana miaka yote, akawa anainamisha kichwa. Mwisho kijana mmoja akaniambia wazi, akiwa amesimama mbali kidogo, tayari kukimbia. Nikajua ni madoa. Kuwaeleza ningewaelezaje bila kutaja moyo wake? Nilikuwa nimeapa. Angepoteza kazi anayoipenda kuliko kitu chochote, ukiniondoa mimi, na hata hapo sina hakika. Nikajikaza kisabuni. Nikasema watanisema, watachoka.

Sasa naona kama ningefungua mdomo, asingefika hapa. Unaonaje, Dada, nimwambie?

Mdogo wako,
Baba Pacha


6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie leo. Usingoje apate nguvu, nguvu anazo, ana upungufu wa akili tu, na wewe ni hivyohivyo.

Mimi ndiye niliyempelekea yale maneno. Kabla ya barua yangu hakuyajua. Tangu jana nimekaa na jambo hilo. Barafu ameniambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba niliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye kumpenda angeuliza. Nimemsikia. Bado linanichoma.

Harusi nimeisimamisha. Nimemwambia mwenye ukumbi, na nitamwandikia mshonaji. Nitapanda basi Jumatatu, nikae hapo mpaka nimwone akimeza kila kidonge na kufungua mdomo nikague chini ya ulimi. Barafu amekubali. Amefunga kisanduku chake, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Mwambie mkeo nakuja, na mwambie ulilonalo.

Dada yako


10 Aprili

Dada Mkubwa,

Umesimamisha nini? Mwanamume aliyekuposa mbele ya foleni ya benki unamweka kwenye ngazi? Soma barua hii mpaka mwisho, kisha uende ukamnyanyue.

Niko nyumbani. Nimekaa kitini dirishani na daftari la kuandikia, nimekatazwa tu kubeba vitu vizito, na Baba Pacha amehesabu hata birika kuwa ni kizito. Sasa nikusimulie, maana najua yeye amekuandikia kwamba "kulikuwa na watu mlangoni, akachelewa kidogo". Mke wa kinyozi amenieleza yote, akiwa analia na kucheka kwa pamoja.

Mdogo wako alikimbia kutoka kwenye tanuri lake hadi hospitali kwa miguu. Aliingia kwenye korido na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi, viganja kama koleo. Wanawake wangu walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa chumba nilichokuwemo, tisa wote, nywele bado zinadondosha maji, wengine na taulo juu ya mavazi ya kuogelea. Walipomwona wakashikana mikono. Mwanasheria akasema, "Hupiti."

Akasema, "Mke wangu yumo humo."

"Tunajua yumo. Na tunajua nani kamfikisha humo."

Wifi, jitu lile lingeweza kuwapangua kwa bega moja. Mke wa kinyozi anasema ndicho walichokuwa wanangojea. Badala yake aliwaangalia, akavua kofia, akauliza, "Anapumua?" Mmoja akajibu kwamba anapumua. Akasema, "Basi niambieni tu akiniita." Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaweka kofia magotini. Akakaa hapo muda wote nilipokuwa nafanyiwa kazi, na wao wamesimama juu yake wanamlinda kama mwizi.

Daktari alipotoka, mwanamke mdogo wa sauti kavu, aliuliza nani mume. Hakungoja jibu. Akasema, "Nahitaji mtu wa kumhimiza dawa. Alikuwa amezoea kupata madoa mwilini kwa sababu ya vidonge, hilo ni la kawaida, nyie ni wa kwake, bila shaka mliyaona. Kaacha dawa ili yaishe, na karibu afe." Mke wa kinyozi anasema walisikia maji yanavyodondoka kutoka kwenye nywele zao. Kisha mmojammoja wakaachiana mikono. Mwanasheria akainama, akampa mdogo wako mkono ainuke. Alipoinuka alisema, "Ahsanteni kwa kumkalia mlangoni." Hapo, anasema, ndipo wote tisa walipoanza kulia.

Asubuhi iliyofuata foleni ya mkate ilipinda kona. Wengine walinunua mikate ambayo sijui wataila lini. Muuza magazeti alimsalimia mara mbili, akapita, akarudi akasalimia tena.

Daktari amenipa vipande vyangu. "Madoa yakizidi, njoo kwangu. Ukitoka damu isiyokata, njoo kwangu. Ukiona choo cheusi, njoo mbio. Hata mng'oa meno akikuambia acha kidonge, mwambie aniulize mimi. Lakini kuacha kwa shauri lako mwenyewe, hapana. Madoa hayaui." Amenipima damu, ameniongezea kidonge kidogo cha kulinda tumbo, na viwili vile vinaendelea mpaka yeye aseme basi.

Jioni ile barua yako ilipomfikia, nikiwa bado hospitali, Baba Pacha alikaa kando ya kitanda akaanza kusugua vidole kama anatoa unga, na vilikuwa visafi.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Walivyokuwa wakisema. Tangu Januari."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniapisha tusimwambie mtu kuhusu moyo. Nikaona nikikuambia, utawaambia ili kunisafisha, na bwawa litakuponyoka."

"Kwa hiyo ukakubali kuitwa mpiga mke."

"Sikukubali. Nilinyamaza. Na wewe ukakubali kufa?"

"Sikujua kwamba ni kufa. Nilitaka wakusalimie tena."

Tulitazamana, Wifi. Watu wazima wawili, miaka yote hii kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wawili tunalijua. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka ile mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kulia, muuguzi akaja mbio, akamtoa nje. Mara ya pili ndani ya siku kumi kutolewa mlangoni kwangu.

Kuhusu kazi, wanawake wangu walikwenda ofisi ya manispaa kwa maandamano, na mwanasheria alivaa suti. Imeamuliwa nifundishe kutoka ukingoni, na msaidizi awe majini, mpaka daktari atakaponiruhusu kuingia. Wazazi wawili wamewahamisha watoto. Sita wapya wamejiandikisha.

Sasa wewe. Barua yako ilikuwa swali, na swali halikunifanya kitu. Aliyetupa kidonge ni mimi, kwa mkono wangu huu. Kama unataka kunitendea wema, usinifanye niwe sababu ya pili ya wewe kutoolewa. Nimemwuliza daktari kama naweza kusafiri mwishoni mwa mwezi. Amesema naweza, nikae kitini, nishuke kunyoosha miguu, dawa ziwe mkobani na si kwenye buti la gari. Tutakuja. Usipande basi Jumatatu. Mnyanyue mtu kwenye ngazi.

Mama Pacha


14 Aprili

Mama Pacha,

Nimemnyanyua. Nilimpa barua yako aisome mwenyewe, akaisoma hadi mwisho, akakunja, akasema kitu.

Nikasema, "Nini?"

Akasema, kwa ile sauti ya benki, "Nampenda huyu wifi yako." Majirani wawili wamesikia, sasa wanadhani kuna ugomvi.

Harusi iko palepale. Mwenye ukumbi hata hakuwa amefuta jina, alisema alijua nitarudi. Nimewawekea kiti cha mbele, chenye mto, mbali na spika za muziki. Barafu ameniletea kijokofu kidogo cha dawa zako, nikamwambia vidonge havihitaji ubaridi. Akasema kitawekwa maji basi. Mwache, ndiyo lugha yake.

Mwambie mdogo wangu aje na keki, na asiogope kuingia. Mlangoni nitasimama mimi.

Dada Mkubwa


22 Juni

Wifi yangu, mke wa Barafu,

Picha za harusi zimefika. Ile mnayocheza, wewe umefumba macho na mkono umeuweka kwenye spika kusikia ngoma zinavyogonga, nimeitundika sebuleni. Baba Pacha anasema hajawahi kukuona umetulia hivyo tangu mlipokuwa watoto.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa daktari. Alinipandisha kwenye mkanda wa kutembea, akanizidishia mwendo mpaka nikamwuliza kama nimemkosea. Kisha akatazama karatasi zake akasema moyo unasukuma vizuri, stenti iko wazi, na ninaweza kuingia majini. Aliniambia nianze polepole. Nikamwambia maji yenyewe ndiyo huamua.

Basi Jumanne niliingia. Wanawake wangu walijipanga pande zote mbili za ngazi kama gwaride. Mikono yangu ina madoa matatu mapya, moja kubwa la rangi ya biringani, na mke wa kinyozi akauliza, "Hilo la nini?" Nikamwambia, la kabati. Akasema, "Kabati hilo nilione mimi." Nilishuka ngazi moja moja. Maji yalipofika kifuani nilisimama, nikasikiliza. Hakuna kilichobana. Nikajilaza, nikaogelea hadi ng'ambo nikarudi, si haraka, nikielewa kila pigo la mkono. Nilipoinua kichwa walikuwa wanapiga makofi, na nyuma yao alikuwa amesimama mume wangu.

Sikumwita. Wao ndio waliomwita. Wamemwandikisha darasani, mwanafunzi wa kwanza mwanamume, kwa kura tisa bila kupingwa. Alikuwa na kaptula mpya ambayo bado ina lebo. Dada, sijui kama unajua hili, mimi sikujua miaka yote: mdogo wako anaogopa maji. Aliingia kwa hatua za mtu anayekwenda kung'olewa jino, akashika bomba la pembeni, akakataa kuliachia. Maji yalikuwa yanamfika kiunoni.

Nikamwambia, "Lala chali. Nitakushika mgongo."

"Hujaruhusiwa kubeba kitu kizito."

"Majini hakuna kizito. Lala."

Akalala. Alifumba macho kama wewe kwenye picha. Nikaweka kiganja chini ya mgongo wake, wanawake tisa wamezunguka, hakuna anayepumua. Polepole mwili ule mkubwa ukalegea, miguu ikapanda, tumbo likatoka juu ya maji kama mkate unaoumuka, na uso wake ukalainika mpaka akafanana na kijana niliyeolewa naye.

"Umenishika?" akauliza, macho bado kafumba.

"Nimekushika."

Nilikuwa nimemwachia kitambo. Mikono yangu ilikuwa juu, hewani, nikiwaonyesha wale tisa, nao wamejiziba midomo wasicheke. Alielea hivyo kwa raha mpaka akaanza kuimba kidogo kwa pua.

Tulikubaliana, mimi na yeye, hatutafichana tena kitu. Hili moja, Wifi, usimwambie.

Akupendaye,
Mama Pacha